Usishuke Kwenye Gari

Kanuni ya kwanza ya mbuga ni nyepesi, hata mtoto anaielewa: usishuke kwenye gari. Askari aliyetufungulia Geti la Voi asubuhi ile aliirudia akiwa ameinama dirishani, kwa sauti ya mtu aliyeisema mara elfu. "Msishuke. Msiwalishe wanyama. Mwendo arobaini." Kapteni akaitikia, "Sawa, afande," na sisi wengine tukaitikia kwa vichwa, isipokuwa binamu yake aliyekuwa amelala tangu Emali.

Ilikuwa Septemba 2022, siku chache baada ya rais kuapishwa Kasarani. Nchi ilikuwa imemaliza kuhesabu kura na kubishana mahakamani, petroli ilikuwa imepanda hadi shilingi 179.30 pale Nairobi, na sisi wanne tukaona huo ndio wakati mzuri wa kwenda Mombasa kwa barabara. Usiniulize hesabu ilikaaje. Kapteni alikuwa na Probox ya mjomba wake. Wakili alikuwa na pesa kidogo. Binamu alikuwa na usingizi. Mimi nilikuwa na kazi: mtu mmoja mwenye tovuti ya safari alikuwa ameniagiza makala ya maneno elfu moja kuhusu Tsavo Mashariki, malipo shilingi 3,500, na sharti moja tu. Isiwe ya huzuni. "Watu wanataka kusafiri," aliniandikia, "usiwaletee habari za ukame."

Kwa mtu aliyekuwa amesota kama nilivyosota mwaka ule, hilo halikuwa sharti gumu.

Wakili si wakili, bado. Ni jina tulilompa kwa sababu alikuwa anasomea sheria na hawezi kununua hata mahindi choma bila kuuliza masharti. Tulianza chuo siku moja, tukalala chumba kimoja cha hosteli kwa mwaka na nusu. Yeye akaendelea, mimi nikaachia njiani. Nitalirudia hilo, ingawa sipendi.

Sasa Tsavo. Ukiwa umezoea picha za Mara, nyasi na nyumbu na simba amelala juu ya kichuguu, Tsavo itakushangaza. Ni nchi nyekundu. Udongo mwekundu, barabara nyekundu, na ndovu nao wekundu, kwa sababu wanajirushia vumbi hilo mpaka ngozi inachukua rangi ya tofali. Mbuga ilitangazwa 1948, na upande wa Mashariki peke yake una zaidi ya kilomita za mraba 13,000. Unaendesha saa nzima huoni kitu, halafu unaona ndovu thelathini kwa mpigo. Mwaka ule, katikati ya ndovu na ndovu, uliona kitu kingine pia: mifupa. Mwanzoni Kapteni alikuwa anapunguza mwendo kwa kila mzoga. Kufikia saa nne hakuna aliyegeuza shingo.

Nilikuwa nimebeba daftari. Niliandika "anga lisilo na mwisho". Niliandika "asili isiyoguswa na mkono wa mtu". Nayakumbuka maneno hayo vizuri kwa sababu baadaye niliyauza.

Tulimkuta kwenye barabara ya kuelekea Aruba, saa tisa hivi. Punda milia jike, amelala ubavu hatua kama kumi kutoka barabarani, miguu imenyooka, mbavu unaweza kuzihesabu ukiwa ndani ya gari. Tulidhani ni mzoga mwingine, mpaka sikio likacheza. Halafu tukamwona mtoto wake amesimama nyuma yake. Hakuwa analia wala kuzunguka. Alikuwa amesimama tu, kama mtoto aliyeambiwa angoja hapo, mama anarudi sasa hivi.

Kapteni akazima injini.

Lazima nikueleze jambo moja kuhusu Probox ile. Ilikuwa inachemka. Kila baada ya Mtito Andei na kila kabla ya mlima wowote ilitaka kunyweshwa, kwa hiyo kwenye buti tulikuwa na mtungi wa lita ishirini, umejaa mpaka shingoni. Sote wanne tulijua uko pale. Nakumbuka jinsi gari lilivyonyamaza, na jinsi kila mmoja wetu alivyokuwa anaufikiria mtungi ule bila kuutaja.

Kapteni ndiye aliyesema. "Tukimwagia kwenye sufuria tuisukume mlangoni..."

"Kanuni," akasema Wakili.

"Najua kanuni, buda. Nauliza tu."

"Huwezi kujua nini kiko kwenye hicho kichaka. Pili, ukimpa maji leo, kesho nani atampa? Tatu, simba naye ana watoto. Wacha asili ichukue mkondo wake."

Binamu akaamka, akachungulia, akasema, "Huyo amechoka tu, kama mimi," akalala tena.

Mimi sikusema kitu. Nilitoa simu nikapiga picha.

Kwa miaka hii michache nimekuwa nikibishana na Wakili kichwani, na kila mara inanibidi nikiri kwamba hoja zake ni nzuri. Punda milia yule hakuwa anakufa kwa kiu peke yake. Wakati wa ukame wanyama wanaokula majani hufa zaidi kwa njaa, kwa sababu nyasi zilizo karibu na maji huisha kwanza, na zilizo mbali hazifikiki. Lita ishirini zingemsimamisha labda, labda hata zisingemsimamisha. Na mnyama anayejifunza kwamba gari lina maji atalifuata gari, na siku moja atagongwa au atampiga mtu teke. Kanuni ile haikuandikwa na watu wasio na roho. Iliandikwa na watu waliokwisha kuona huruma ikifanya madhara.

Tena kuna hoja ambayo Wakili aliitoa baadaye, jioni, na ndiyo iliyonikaa zaidi. Alisema huruma yangu ni ya barabarani. Nilimwonea huruma huyu kwa sababu alianguka mahali ambapo gari hupita. "Nyuma ya vichaka vile kuna ishirini kama yeye. Hao huwasikitikii kwa sababu hukuwaona." Sina jibu la hilo hata leo. Mwaka huohuo Wakenya zaidi ya milioni 4 walikuwa wanakabiliwa na njaa, kule Turkana, Marsabit, Wajir, Mandera, na mimi sikuwahi kukosa usingizi kwa ajili yao kama nilivyoukosa kwa ajili ya punda milia mmoja. Nimejaribu kujieleza kwamba hiyo ni kwa sababu wao sikuwa na mtungi wa kuwapelekea. Lakini kuna namba za M-Pesa za michango, zilikuwa kwenye taarifa ya habari kila usiku. Mtungi ulikuwepo.

Pale ninapokwama ni kwenye lile neno lingine. Asili. Wacha asili ichukue mkondo wake. Ukiwa umekaa katikati ya Tsavo neno hilo linasikika kama kweli tupu, kwa sababu huoni nyumba wala mlingoti. Lakini sisi tulikuwa njiani kwenda Aruba, na Aruba ni bwawa. Lilichimbwa na kuzibwa na watu, 1952, ili wanyama wapate maji na watalii wapate wanyama. Reli ya SGR inapita humohumo tangu 2017, juu ya tuta refu ambalo ndovu hupita chini yake kwenye vivuko alivyochorewa na mhandisi. Kuna waya za stima, kuna visima, kuna barabara kuu ya Mombasa inayokata Tsavo vipande viwili. Zamani mvua ikikosekana hapa, mnyama aliondoka akaenda anakojua. Leo anapokwenda anakuta ranchi, mkonge, shamba la mtu, uzio. Punda milia yule hakufia kwenye asili. Alifia ndani ya boma kubwa ambalo sisi ndio tulioweka mipaka yake, halafu tukaita kilichomo ndani "asili" na kukaa nje ya lawama.

Na kubishana huku si kwa leo. Miaka ya sitini ndovu wa Tsavo walikuwa wamezidi kiasi cha kugeuza msitu kuwa mbuga tupu, wanang'oa miti, wanachuna mibuyu. Mtafiti Mwingereza, Richard Laws, akasema idadi yao ipunguzwe kwa bunduki kabla njaa haijafanya hiyo kazi. David Sheldrick, aliyekuwa mkuu wa Tsavo Mashariki tangu mwanzo, akakataa. Alisema waachwe, nchi yenyewe itasawazisha. Sheldrick akashinda, Laws akaondoka. Ukame wa 1970 na 1971 ukaja, na ndovu wakafa kwa maelfu. Hesabu inayotajwa sana ni kama 6,000. Waliokufa zaidi walikuwa majike na watoto, kwa sababu jike mwenye mtoto mchanga hawezi kwenda mbali na maji kutafuta malisho. Anabaki karibu na mtoto, na majani ya karibu yamekwisha.

Nani alikuwa sahihi? Nyasi zilirudi baadaye, waliounga mkono Sheldrick husema hivyo, na ni kweli. Mimi ninachokitazama ni kwamba katika mjadala ule kulikuwa na watu wa tatu ambao hawakukaa mezani. Wawata, wale wawindaji wa upinde mzito na mshale wa sumu, walioishi na ndovu wa nchi hii vizazi kwa vizazi na kula nyama yao. Mbuga ilipotangazwa uwindaji wao ukawa ujangili, na miaka ya hamsini walikamatwa wakafungwa. Muwata akiua ndovu mmoja ale, hiyo ni jinai. Ndovu 6,000 wakifa kwa njaa ndani ya mpaka uliochorwa na serikali, hiyo ni asili. Sisemi turudi kwenye mishale. Nasema tu kwamba neno "asili" lina mazoea ya kuja pale ambapo mwenye nguvu ameamua kutofanya kitu.

Hata kutofanya huko hakugawanywi sawa. Lau angekuwa mtoto wa ndovu amesimama nyuma ya mama yake pale, tungepiga simu, na simu ingepokewa. Pale Voi kuna kituo cha kulelea ndovu mayatima, kuna maziwa ya chupa, kuna walezi wanaolala nao. Kule kaskazini, mwaka uleule, wahifadhi waliwapelekea nyasi kavu punda milia wa Grevy, kwa sababu wamebaki wachache sana duniani. Huyu wetu alikuwa punda milia wa kawaida. Wa kawaida ndilo jina lake hasa, hata kwenye vitabu. Maumivu yake sidhani yalikuwa ya kawaida. Lakini naelewa: ukiwa na nyasi za lori moja, utampa nani? Ningekuwa mimi ningempa yule aliye adimu, halafu ningekaa nikijilaumu.

Hayo yote ni mawazo ya baadaye. Pale barabarani kilichotokea kilikuwa kidogo zaidi na kibaya zaidi.

Gari la watalii lilikuja, lile la paa la kuinuka, likasimama nyuma yetu. Vichwa vitano vikatokea juu na kamera. Dereva wao, mzee wa makamo mwenye kofia, akajivuta hadi dirisha la Kapteni likawa usawa na lake.

"Habari zenu vijana."

"Njema, mzee. Huyu atapona kweli?"

Mzee akamtazama punda milia kwa muda, si kwa haraka. "Huyu? Hapana. Leo usiku hafiki." Kisha akashusha sauti, kama anatupa siri ya kibiashara. "Simba wako upande huu tangu juzi. Mkikaa mpaka saa kumi na moja mtaona."

Tukakaa.

Huo ndio ukweli ambao nimeuzunguka tangu mwanzo wa makala hii. Tulikuwa tumekubaliana tusimpe maji kwa sababu si haki yetu kuingilia, na sawa, tuseme ilikuwa heshima. Lakini hatukuwasha gari tukaondoka. Tulikaa dakika arobaini na zaidi, vioo chini, tukimngoja simba. Kapteni alitoa mkate na Blue Band. Tulikula. Mara mbili mtoto yule alimsogelea mama yake akamgusa shingoni kwa pua, na mara zote mbili Wakili alinong'ona "angalia, angalia", na mimi nikainua simu. Sikuwa na nia ya kumwona akiteseka. Nilitaka kuona simba. Ila simba hawakuwa wanakuja kuniona mimi, na kila dakika niliyotamani waje nilikuwa natamani kitu ambacho yule mtoto hapaswi kukiona.

Hawakuja. Geti hufungwa jioni, tukalazimika kugeuka.

Nikiwa chuo nilisoma kozi moja ya falsafa, ya kujaza tu ratiba, na ndiyo pekee ninayoikumbuka. Mwalimu alitupa mfano wa Peter Singer kutoka makala yake ya 1972: unapita kando ya kidimbwi, unamwona mtoto anazama, ukiingia utachafua nguo zako kwa matope na si zaidi. Je, unapaswa kuingia? Ukumbi mzima ulisema ndiyo, bila shaka, nani hataingia? Singer anaanzia hapo kukuuliza kuhusu mtoto aliye mbali. Mimi siku hizi swali langu ni la huyu wa karibu. Tuseme kuna bango: usiingie majini. Tuseme kuna sababu nzuri ya bango hilo. Tuseme umeliheshimu. Sasa unakaa wapi? Unaendelea na safari yako, unageuza uso, au unavuta kiti? Sikumbuki kama tulifundishwa maadili ya kuvuta kiti.

Na hapa ndipo ninaporudi kwenye lile nililosema nitalirudia.

Muhula wa pili wa mwaka wa pili nilikuwa sijakamilisha karo. Nilienda kufanya mtihani hata hivyo, nikidhani nitapenya. Nilikaa, karatasi zikagawiwa, halafu msimamizi akaanza kusoma majina ya wasioruhusiwa. Yalikuwa machache. Langu lilikuwa la tatu. Nilisimama, nikaokota kalamu na kitambulisho, nikatembea kutoka safu ya nyuma mpaka mlangoni. Ukumbi ulikuwa na watu zaidi ya mia, wengi tumekula pamoja. Wachache waliinama haraka. Wengi walinitazama, yale macho ya pole ambayo hayana kitu mkononi. Wakili alikuwa safu ya pili. Nilimpita karibu kiasi cha kumgusa bega.

Sikurudi. Kwa watu nilisema nimeamua kufuata uandishi, na baada ya kusema mara nyingi ikawa karibu kweli.

Usiku ule tulilala Voi, nyumba ya wageni ya bei nafuu nje kidogo ya mji, inayoendeshwa na mama mmoja Mtaita. Tulimpa shikamoo, akatujibu marahaba wanangu, akatuwekea chai kabla hatujaomba. Kapteni, ambaye hawezi kukaa na jambo, akamsimulia habari ya punda milia tangu mwanzo mpaka mwisho, mtungi na yote. Sehemu ya mkate aliiacha.

Mama alisikiliza. Kisha akauliza, "Mmeona ndovu?"

"Wengi, mama."

"Hapo nyuma kulikuwa na tanki langu la maji. Walilivunja mwezi wa saba. Walikuja watatu, wakalisukuma hivi kwa paji la uso, likapasuka, wakanywa wakaondoka. Mimi niko dirishani natazama." Akacheka kidogo. "Ungefanya nini? Ungetoka nje?"

Wakili, kwa kuwa ni Wakili, akataja sheria ya 2013: fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama wa porini, na mazao yaliyoharibiwa nayo yamo. Mama akasema anaijua. Jirani yake anaijua pia. "Lakini mwanangu, mahindi yakiiva tunakesha wiki tatu tukigonga sufuria. Usingizi huo uko kifungu gani?"

Sikusikia chuki katika sauti yake, na hilo lilinishangaza. Alisema ndovu wale walikuwa na mtoto mdogo na aliona jinsi walivyomwacha anywe kwanza. Aliyaona yote mawili, tanki lake na kiu yao, bila kulazimisha moja lifute jingine. Nimejaribu kuandika jambo hilo mara kadhaa na kila mara linatoka kama methali, kwa hiyo naliacha hivyo alivyolisema.

Baadaye, Kapteni na binamu wakiwa wamelala, mimi na Wakili tulibaki nje kwenye vitanda vya kamba. Giza la Voi ni zito. Malori ya Mombasa yalikuwa yanasikika kwa mbali.

"Siku ile ya mtihani," nikasema, "uliniona?"

Hakuuliza siku gani. "Nilikuona."

Nikangoja.

"Nilikuwa na masaa mawili na maswali manne," akasema. "Ningefanya nini? Ningesimama? Wangetutoa wote wawili."

Ni kweli, wangetutoa wote wawili. Angepoteza mtihani, mimi nisingepata karo. Ni hesabu ileile ya lita ishirini. Sikuwahi kumtaka asimame. Nilichotaka, na nilikijua usiku ule tu, ni kitu kidogo mno hata kukitaja naona haya: angekuja chumbani jioni. Hakuja siku nne. Alilala kwa rafiki mwingine mpaka nilipohama, na alipokuja kuchukua vitu vyake kitanda changu kilikuwa wazi.

"Nilidhani utataka kuwa peke yako," akasema.

Pengine alidhani hivyo kweli. Nimekaa na jibu hilo muda mrefu na sijajua kama nimsamehe au nimwombe radhi, kwa sababu mimi pia nina watu ambao niliwaacha "wawe peke yao". Shangazi yangu alipoumwa nilimpa heshima ya aina hiyo mwaka mzima.

Makala ya mteja niliiandika Mombasa, siku mbili baadaye, nimekaa Mama Ngina na ukuta wa bahari mbele yangu. Maneno 1,012. Niliweka anga lisilo na mwisho, niliweka ndovu wekundu, niliweka asili isiyoguswa na mkono wa mtu. Mzoga hata mmoja haukuwemo. Alifurahi, akanilipa siku hiyohiyo, jambo ambalo kwa kazi yetu hii ni muujiza mdogo. Iko mtandaoni mpaka leo, bila jina langu. Nimewahi kuona mtu ameituma kwenye grupu la WhatsApp la familia ili wapange safari ya Desemba. Sikusema kitu.

Tulipokuwa tunatoka mbugani jioni ile, Kapteni alimweleza askari wa getini kuhusu punda milia na mahali alipo. Askari alitoa daftari akaandika kwa makini, akauliza ni kabla au baada ya njia panda. "Asanteni," akasema. "Tunawahesabu." Mwezi wa Novemba wizara ilitoa ripoti ya wanyama waliokufa kwa ukame nchini kati ya Februari na Oktoba: ndovu 205, nyumbu 512, nyati 51, twiga 12, punda milia wa Grevy 49. Punda milia wa kawaida 381. Niliisoma namba hiyo kwenye matatu, nikaisoma tena. Yeye ni mmoja kati ya hao, nadhani, kama kuna aliyefika pale na kalamu kabla ya fisi. Mtoto sijui aliandikwa wapi, au kama aliandikwa.

Asubuhi ya kuondoka Voi, Kapteni alifungua buti kukagua gari. Mtungi ulikuwa umejaa vilevile. Siku hiyo nzima injini haikuchemka hata mara moja, sijui kwa nini. Aliutazama, akautoa, akaubeba begani mpaka nyuma ya nyumba, akaumimina wote kwenye pipa la yule mama. Mama alikuwa anafagia. Alisema, "Sasa gari lenu litakunywa nini?"

"Tutaomba njiani," akasema Kapteni.

Tulichemka Maungu, kabla hata ya saa tatu. Tulikaa kando ya barabara saa nzima na boneti wazi, malori yakitupita, mpaka dereva mmoja wa lori akasimama, akashuka.